Binti Akisema Anataka Kuwa Sista

Ilikuwa Jumapili jioni. Vyombo vilikuwa vimekwisha kuondolewa mezani na baba mwenye nyumba alikuwa ameketi akisubiri taarifa ya habari. Binti yake kifungua mimba, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri, alisimama karibu na mlango wa jikoni akasema, "Baba, Mama, nina neno. Nataka kuwa sista."

Mama alidhani ni mzaha. Baba hakudhani hivyo. Alizima televisheni, akamtazama binti huyo kwa muda, kisha akauliza, "Ni nani huyo aliyekudanganya?"

Hao ni majirani zangu hapa Nairobi, watu wa kanisa wasiokosa Misa. Haikupita wiki moja kabla mama huyo hajabisha mlangoni kwangu, leso begani na macho mekundu. "Jirani," akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti, unakutana na watu wengi. Hebu nieleze. Mtoto akiingia huko, ndiyo basi? Nimempoteza?"

Mpenzi msomaji, sikuwa na jibu. Kama wengi wetu, niliijua safari ya usista kwa ncha zake mbili tu. Ya kwanza ni siku msichana anapobeba sanduku lake na kuondoka. Ya pili ni siku unapomwona amevaa shela, akiongoza watoto shuleni au akipita wodini na trei ya dawa. Yanayotokea katikati sikuyajua. Kwa hivyo nililibeba swali la mama huyo nikaenda nalo kwa masista wenyewe, na pia kwa mtu mmoja wa ukoo wetu ambaye alipita njia hiyo na kurudi. Haya ndiyo niliyoyapata.

MASISTA NI AKINA NANI?

Hapa Kenya twawajua masista kwa kazi zao. Wale wa Loreto walifika mwaka wa 1921, na shule zao zimelea vizazi vya wasichana. Masista wa Mercy kutoka Ireland ndio walioanzisha Hospitali ya Mater hapa Nairobi. Ukienda Nyeri, wazee watakusimulia habari za Sista Irene Stefani wa shirika la Consolata, waliyemwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alijiunga na utawa kwao Italia mwaka wa 1911, akaweka nadhiri mwaka wa 1914, na mwaka uliofuata akafika Kenya. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwauguza wapagazi Waafrika waliokuwa wakifa kwa maelfu. Baadaye alifundisha katika misheni ya Gikondi, hata akafa mwaka wa 1930, akiwa na umri wa miaka 39, kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Mwaka wa 2015 alitangazwa Mwenye Heri katika ibada iliyofanyika Nyeri na kuhudhuriwa na umati mkubwa.

Yapo pia mashirika yaliyozaliwa papa hapa kwetu, kama Mary Immaculate Sisters wa Nyeri, Assumption Sisters wa Nairobi na Franciscan Sisters of St Joseph wa Asumbi. Little Sisters of St Francis walianzishwa na Mother Kevin kule Nkokonjeru, Uganda, mwaka wa 1923, na wapo Kenya pia. Halafu kuna watawa wasiotoka nje ya kuta za monasteri yao, kama Wakarmeli, ambao kazi yao kubwa ni sala.

Lakini kazi siyo usista. Unaweza kuwa muuguzi, mwalimu au mhasibu bila kuvaa shela. Kinachomfanya mtu awe sista ni nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba hatakuwa na mali yake mwenyewe, hataolewa, na hatajichagulia mahali pa kukaa wala kazi ya kufanya. Sista mmoja aliye mlezi wa wasichana aliniambia kwamba swali lake la kwanza kwa kila anayekuja ni hili: "Tukikutuma ukapike badala ya kuuguza, bado utataka kukaa nasi?" Alisema kuna wanaotafakari swali hilo usiku mmoja na asubuhi wakaaga.

NGAZI ZENYEWE

Hatua ya kwanza huitwa "njoo uone". Msichana huandikia shirika au huzungumza na sista anayeshughulikia miito. Huenda akaalikwa kukaa na masista siku chache wakati wa likizo, akaona wanavyoamka alfajiri, wanavyosali, wanavyolima na wanavyoosha sufuria. Nao masista huja kumtembelea nyumbani wawaone wazazi na ndugu zake.

Akiendelea, ataombwa cheti cha ubatizo na cha kipaimara, barua ya paroko, vyeti vya shule na taarifa ya daktari. Sheria ya Kanisa inataka pia uhakika kwamba hajafungwa na ndoa. Mwenye madeni asiyoweza kuyalipa hapokelewi. Utawa si pango la kujificha wadai.

Kisha huanza kuishi na masista akiwa aspiranti na baadaye postulanti. Muda wa hatua hizi hutofautiana kati ya shirika na shirika, lakini aghalabu ni miezi kadhaa hadi mwaka mmoja au miwili. Anajifunza kuishi na watu asiowachagua, wa makabila mbalimbali, mmoja anayekoroma na mwingine anayepika ugali mbichi. Usicheke, msomaji. Walezi husema hapo ndipo wengi hugundua kama wanaweza au hawawezi.

Baada ya hapo huja unovisi, na huu ndio moyo wa malezi yote. Hauanzi kabla msichana hajatimiza miaka 17, na mashirika mengi husubiri amalize kidato cha nne. Sheria inataka uwe wa miezi 12 kwa uchache, na kwa kawaida usizidi miaka miwili. Katika kipindi hiki mnovisi hasomi chuo wala hafanyi kazi ya mshahara. Anasali, anasoma historia na katiba ya shirika, anafanya kazi za mikono, na anajichunguza. Simu ni chache na wageni ni wachache. Ndicho kipindi kinachowaumiza wazazi zaidi, kwani mtoto aliyekuwa akipiga simu kila jioni ananyamaza.

Mwisho wa unovisi huweka nadhiri za kwanza, na hapo ndipo huitwa sista. Lakini hizo ni nadhiri za muda. Hudumu kwa jumla ya miaka isiyopungua mitatu na isiyozidi sita, na aghalabu hurudiwa kila mwaka. Ikibidi, muda huo unaweza kurefushwa, ila jumla isipite miaka tisa. Ndiyo miaka ya kwenda chuo na kufanya kazi hospitalini, shuleni au katika makao ya watoto.

Hatua ya mwisho ni nadhiri za daima. Hakuna anayeruhusiwa kuziweka kabla ya kutimiza miaka 21. Mashirika mengi humvisha pete siku hiyo. Wazazi huketi mbele, kwaya huimba, na nyumbani watu hula pilau kama harusini.

Sasa tupige hesabu. Mwaka mmoja wa uaspiranti, mmoja wa upostulanti, miwili ya unovisi na sita ya nadhiri za muda. Jumla ni miaka 10. Daktari husoma chuo kikuu miaka sita!

MLANGO UNAOFUNGUKA PANDE MBILI

Nilipompa jirani yangu hesabu hiyo, alishika kichwa. "Miaka kumi! Wanamchelewesha mtoto wa watu hadi azeeke?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Miaka hiyo haikuwekwa ili kumfunga binti. Iliwekwa ili asijifunge kwa pupa. Mnovisi anaweza kuondoka siku yoyote atakayo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Shirika nalo laweza kumwambia arudi nyumbani likiona hafai maisha hayo. Nadhiri za muda zikiisha, asipotaka kuzirudia yu huru kwenda zake. Hata aliyeweka nadhiri za daima anaweza kuomba kufunguliwa, ingawa hilo huwa zito na hupelekwa kwa askofu au Roma, kulingana na aina ya shirika.

Zaidi ya hayo, sheria ya Kanisa inasema kwamba nadhiri zilizowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa udanganyifu si nadhiri. Ni bure kabisa, hata kama askofu alikuwepo na kwaya iliimba.

Jambo hili si geni. Zamani kule Ulaya kulikuwa na matajiri waliowasukumia binti zao utawani ili mali isigawanyike. Mwaka wa 1563 Mtaguso wa Trento ulipitisha adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa yeyote atakayemlazimisha mwanamke kuwa mtawa. Na katika ibara hiyo hiyo, adhabu hiyo hiyo iliwekwa kwa yeyote atakayemzuia bila sababu ya haki mwanamke anayetaka mwenyewe. Yaani anayesukuma na anayevuta waliwekwa katika kapu moja.

KWA WAZAZI WANAOVUTA

Turudi kwa baba yule. Nilipokwenda kumjulia hali, nilitarajia aniambie habari za karo aliyolipa na wadogo wanaosubiri msaada wa dada yao. Wazazi wengi husema hivyo, na si vibaya kusema. Ni kweli kwamba sista hana mshahara wake. Hata akiwa mwalimu aliyeajiriwa na serikali, fedha huingia katika mfuko wa shirika, na shirika ndilo humpa mahitaji yake. Kama nyumbani kuna mgonjwa au wadogo wanaomtegemea, hilo lizungumzwe wazi mapema, naye sista wa miito aambiwe. Mashirika hayafanani. Ulizeni lini hupewa likizo ya kuja nyumbani, na inakuwaje mzazi akiugua au akifiwa.

Lakini baba yule hakusema habari za fedha. Alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, mimi sina haja na pesa zake. Nilitaka siku moja watu waje nyumbani kwangu na shuka na sukari, wazee waketi, binti yangu aitwe, aulizwe kama anawajua wageni hawa. Nimehudhuria sherehe hizo kwa watoto wa wenzangu miaka yote. Sasa nitawaalika kwa nini?"

Msomaji, sikumjibu haraka, na nakuomba nawe usimjibu haraka mzazi kama huyo. Usimwambie tu kwamba ni heshima kubwa, ashukuru Mungu. Mzazi huyo anaomboleza wajukuu ambao hawatazaliwa. Huzuni hiyo ni ya haki. Kisicho cha haki ni kuigeuza kuwa kamba ya kumfunga mtoto, kumwambia "ukienda usinihesabu kuwa baba yako", au kumtafutia mchumba kwa haraka ili asahau. Maji ukiyaziba huku hutokea kule.

NA WANAOSUKUMA

Upande wa pili wapo wazazi wanaosukuma. Kuna mama ambaye mtoto wake aliugua sana utotoni, akaapa kwamba akipona atamtoa kwa Mungu. Mtoto akapona, na tangu hapo huitwa "sista wetu" kabla hajajua kusoma. Nadhiri hiyo ni ya mama. Binti hakuwepo ilipowekwa.

Kuna nyumba nyingine ambako umaskini ndio unaosukuma. Karo ya chuo haipo, kazi haipo, na utawani kuna chakula na masomo. Na kuna wasichana wanaojisukuma wenyewe kwa sababu wameachwa na mchumba au wanaikimbia ndoa wasiyoitaka. Kama unakimbia, dada yangu, tafuta msaada kwa jambo hilo unalolikimbia. Walezi wanajua kutofautisha anayekuja na anayetoroka. Mwingine huanza kwa kutoroka na baadaye akaja kweli, lakini huyo naye ni lazima kwanza aambiane ukweli na nafsi yake.

AKIRUDI JE?

Hapa ndipo pananigusa mimi mwenyewe. Binti ya shangazi yangu aliingia utawani akiwa na miaka 19. Tulipika, tukachinja, tukapiga picha siku ya nadhiri zake za kwanza. Miaka kadhaa baadaye, nadhiri zake zilipoisha muda, aliwaambia wakubwa wake kwamba ametafakari na hataendelea. Hakuwa amekosana na mtu wala hakuwa na mimba, kama kijiji kilivyodai. Waliagana kwa heri.

Alisafiri kwa basi la jioni makusudi ili afike gizani. Mamake alimpokea, akamlisha, kisha akamwomba asiende kanisani kwa Jumapili kadhaa "mpaka maneno yatulie." Maneno hayakutulia. Watu walisema amefukuzwa. Watoto walimwita "sista mstaafu". Alikuja Nairobi akakaa kwangu miezi minane, na miezi miwili ya kwanza hakutoka nje ila kwenda dukani.

Siku moja tukichambua sukuma wiki aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Niliulizwa mwaka baada ya mwaka kama nataka. Mara ya mwisho nikasema ukweli. Mbona mnanililia kama maiti?"

Leo ni mwalimu na ana watoto wawili. Husali asubuhi kama alivyofundishwa, na anapozungumza juu ya masista wale husema "dada zangu".

Kuna jambo moja la kujua mapema. Kwa sheria ya Kanisa, anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya akiwa mtawa. Lakini sheria hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na kwa upendo wa Injili. Wengine huachana naye vizuri, wakampa nauli, vyeti vyake na cha kuanzia. Wengine sivyo, na jambo hilo limefika mbali. Mwaka wa 2020 Kadinali João Braz de Aviz, aliyesimamia mambo ya watawa kule Vatican, alieleza hadharani kwamba Papa Francis alikuwa amefungua nyumba Roma ya kuwapokea waliokuwa masista wakabaki bila pa kwenda. Kwa hivyo si ukosefu wa imani kuuliza mapema, "Na binti yetu akitoka, mtamsaidiaje?"

Fikiri, mzazi mwenzangu. Kama binti anajua kwamba akirudi atakuwa kicheko cha kijiji, basi kila mwaka anaporudia nadhiri zake, yuko huru kweli? Kanisa limemwachia mlango wazi, sisi tumeuziba kwa aibu. Hapo hatofautiani na yule wa zamani aliyesukumwa na babake tajiri.

Kwa hivyo binti yako akisema neno lile, msikilize hadi mwisho. Muulize ni shirika gani na kwa nini hilo. Nenda naye ukawaone masista, uketi kwenye viti vyao, unywe chai yao, uulize maswali yako yote. Mwache aonje "njoo uone" bila kupiga ngoma wala kulia. Na kabla hajaondoka, mwambie kwa kinywa chako kwamba atakapokuja nyumbani, iwe kwa likizo au kwa kurudi kabisa, hataulizwa mlangoni.

Jirani yangu hakuhitaji kusomewa makala hii. Binti yake aliondoka mwezi wa Januari kuanza uaspiranti. Nilikuwepo asubuhi hiyo. Baba ndiye aliyebeba sanduku hadi kwenye gari, akalifunga kwa kamba, akaikaza mara mbili. Mama alikuwa akilia. Yeye hakulia. Alimshika binti yake bega akamwambia, "Nenda, mama. Mdogo wako anakitaka kile kitanda chako cha dirishani. Nimemkatalia. Kitakaa pale pale."

Tukutane Jumapili ijayo.